Kisu cha Kukunja cha Mtu Asiye na Fedha Nyingi

Somo la redio kwa watu wazima, limepigwa chapa kwa ajili ya wasomaji na vikundi vya kusikiliza

Kama ulikuwa karibu na redio wakati somo hili liliposomwa, utakumbuka kuwa nilianza kwa kuwaomba wasikilizaji watie mikono mifukoni, watazame kama wana kisu. Jambo hilo nimekwisha kulifanya katika darasa langu la jioni. Karibu nusu ya watu walitoa visu vya kukunja, tukavipanga juu ya meza. Vingi vilikuwa vya kung'aa, vyenye vifungua chupa na vijiko na misumeno midogo, na vingi vilikuwa vimelegea kama meno ya mtoto wa miaka sita. Kimoja tu kilikuwa cha mti mtupu, cheusi kwa jasho la mkono, nacho kilikuwa cha mzee mmoja fundi viatu.

Nikamwuliza, "Mzee, kisu hiki umekipata wapi?"

"Nilikinunua zamani, mwalimu. Bei siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba baada yake nimenunua vitatu vya kung'aa, na vyote vitatu vimekufa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Mtu mwenye fedha chache aingiapo dukani hutaka kisu kidogo, chepesi, kizuri machoni, kisichomtia aibu akikitoa mbele za watu kumenyea chungwa. Mara nyingi hurudi na kitu kizuri kwa juma moja. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilinunua kisu cha namna hiyo chenye mpini wa rangi ya lulu. Ribiti yake ililegea kabla ya mwisho wa mwezi, bapa likakunjika juu ya kidole changu, na kovu ninalo hata leo. Basi na tutazame visu hivi vilitoka wapi, na kwa nini vingine vya bei ndogo vimekuwa vizuri kweli.

Kisu cha kukunja ni cha zamani sana. Huko Hallstatt, katika milima ya Austria, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kisu cha kukunja cha yapata miaka 2,500 iliyopita, bapa lake la chuma likiingia ndani ya mpini. Warumi nao walikuwa navyo, na mipini yao ilichongwa kwa mfupa, pembe za ndovu au shaba. Katika jumba la Fitzwilliam, mjini Cambridge, Uingereza, kimo kifaa cha Kirumi cha fedha cha karne ya 3, chenye kisu, kijiko, uma na vijiti vingine vidogo, vyote vikikunjwa pamoja. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kisu chenye vyombo vingi ni werevu wa siku hizi wamechelewa kwa miaka 1,700. Lakini kifaa kile cha fedha kilikuwa cha tajiri. Mtu wa kawaida alivaa kisu chenye ala kiunoni, kwa sababu kisu cha ala ni rahisi kufua: chuma kimoja, mpini mmoja, kazi imekwisha. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndicho chenye gharama.

Kazi ya kuandika nayo ilihitaji kisu kidogo. Huko Ulaya watu waliandika kwa unyoya wa bata bukini, na unyoya huchakaa ncha kila baada ya kurasa chache, ikawa lazima uchongwe tena. Kalamu ya tete katika chuo cha Kurani huhitaji kuchongwa vivyo hivyo, na wengi wetu twakumbuka kwamba jina kijembe halikuhusu jembe la shamba. Mwandishi hawezi kukaa na kisu kikubwa mezani, wala kisu chenye makali wazi mfukoni. Hivyo kisu kidogo cha kukunja kikawa chombo cha karani, mwalimu na mwanafunzi.

Mji uliojulikana kuliko yote kwa visu katika Uingereza ni Sheffield. Mshairi Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, alikwisha kumtaja katika kazi yake msagaji nafaka mwenye kisu cha Sheffield, ishara kwamba zamani hizo jina la mji huo lilikuwa limekwisha kuenea. Mwaka 1624 mafundi wake walipata sheria ya Bunge iliyounda chama chao cha kulinda alama na ubora wa kazi. Katika karne ya 17 walizoea kutia kamani, yaani spiringi, katika mgongo wa kisu. Kamani hiyo hulisukuma bapa likae wazi linapofunguliwa, na likae ndani linapofungwa. Fungua kisu cha namna hii polepole, nawe utasikia kinakataa kidogo, kisha kinaruka chenyewe kwa sauti. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa, akavumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo ili kiwe sawasawa ndani yote. Alikuwa akitafuta chuma kizuri cha kamani za saa, lakini walionufaika zaidi mwishowe ni watu wa visu na nyembe.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa maana bei ya kisu haimo yote katika fedha anayotoa mnunuzi. Bapa likiisha kufuliwa na kutiwa ugumu kwa moto na maji, sharti lisuguliwe juu ya jiwe kubwa la mchanga linalozunguka. Kazi hiyo ilikuwa ya wanozi. Jiwe likisugua hutoa vumbi la mawe na la chuma, na mnozi hukaa amelikabili. Visu vya mezani vilinolewa juu ya jiwe lililolowa maji, na vumbi lake lilikuwa dogo. Uma zilinolewa juu ya jiwe kavu. Nyembe na vijembe vya kukunja vilinolewa kwa njia zote mbili. Daktari Knight wa Sheffield alieleza kwamba wanozi wa jiwe kavu hawakufikia kwa wastani hata miaka 35, na wale wa jiwe lenye maji kwa shida walipita 45. Friedrich Engels aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Mapafu yalijaa vumbi, mtu akakohoa, akakonda, akafa akiwaacha watoto wadogo.

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni hili. Vifaa vya kupunguza vumbi vilikwisha kubuniwa wakati huo, na baadhi ya wanozi wenyewe walivikataa, hata wakavivunja. Sababu yao haikuwa ujinga. Waliogopa kwamba kazi isipoua, watu wengi wataikimbilia, na mishahara itashuka. Fikiri, ndugu msomaji, ni mshahara wa namna gani huo unaomfanya mtu aone kifo cha mapema kuwa ngome yake. Kisu cha senti chache kilichouzwa wakati huo katika kila bandari ya dunia kilikuwa na hesabu hiyo nyuma yake.

Huko Ufaransa, katika mji wa Thiers, mambo yalifanana. Wanozi wa Thiers walitumia nguvu ya maji ya mto Durolle, nao walifanya kazi wakilala kifudifudi juu ya ubao, nyuso zao juu ya jiwe linalozunguka, maji baridi yakipita chini yao. Wakati wa baridi walilaza mbwa juu ya miguu yao ili wapate joto. Picha za zamani za jambo hilo zipo, na mtu akiziona kwanza hucheka kwa ajili ya mbwa, kisha huacha kucheka.

Sasa twende kwenye milima ya Alps, katika nchi ya Savoy, ambayo iliingia katika dola ya Ufaransa mwaka 1860. Huko, katika kijiji kidogo cha Gevoudaz, karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, alizaliwa Joseph Opinel mwaka 1872. Baba yake, Daniel, alikuwa mhunzi wa mashoka na mundu na vyombo vingine vya shamba vyenye makali. Vyombo vyake vilikuwa na sifa nzuri katika bonde lile, naye hakuona haja ya kitu kingine. Kijana Joseph alipenda mashine. Inasimuliwa kwamba alijitengenezea kamera mwenyewe, akawa akiwapiga watu picha siku za arusi. Mwaka 1890, akiwa na miaka 18, alianza kutengeneza kisu kidogo cha mfukoni. Baba hakufurahi. Kwake yeye shoka lilikuwa kazi ya mwanamume, na kisu cha mfukoni kilikuwa mchezo. Mabishano kama hayo kati ya baba na mwana wengi wetu twayajua bila kwenda Ulaya.

Tazama alichokifanya kijana huyo, maana hapo ndipo penye shina la somo letu. Kisu cha kamani kama cha Sheffield kina bapa, kamani, mabamba mawili ya ndani, vipande viwili vya mpini, vipande vya chuma vya kukaza ncha za mpini, na ribiti kadhaa. Jumla yake hupita vipande 10, na kila kimoja sharti kilingane na mwenziwe, kazi ambayo ilihitaji fundi mwenye mkono mwepesi na muda mrefu. Joseph Opinel alichukua kipande kimoja cha mti, akakichonga kiwe cha mviringo, kinene kidogo katikati na chembamba karibu na mkia. Akakikata ufa wa kuingizia bapa. Akatia bapa, pete ya chuma ya kukaza kichwa cha mpini, na ribiti moja. Basi. Vipande vinne. Kamani hakuna: bapa hushikwa na msuguano wa mti na chuma peke yake.

Kwa kuwa aliondoa vitu vingi, fedha iliyobaki iliweza kwenda katika bapa. Bapa la kisu chake lilikuwa la chuma cha pua chenye kaboni, jembamba, likipinda juu kidogo kwenye ncha kama sime za Kituruki ziitwazo yatagani. Wembamba huo ndio uzuri wake na ndiyo faida yake pia, maana bapa jembamba hukata mkate na jibini bila kupasua, na hunolewa upesi juu ya kinoo cha kawaida. Hakuna nakshi hata moja. Mkulima aliweza kukinunua.

Mwaka 1897 alipanga visu vyake katika saizi 12, kuanzia nambari 1 hadi nambari 12. Nambari 1 ilikuwa ndogo mno, bapa lake la sentimita 2, na ilitundikwa kwenye mnyororo wa saa kwa kusafishia kiko. Nambari 12 ilikuwa na bapa la sentimita 12. Baadaye nambari 1 na nambari 11 ziliachwa: ya kwanza haikuwa na kazi nyingi, na ya 11 ilikuwa karibu mno na jirani zake. Mpango huu wa saizi wauona kama jambo dogo, lakini ulimpa mnunuzi uhuru wa kuchagua kwa mkono wake na kwa mfuko wake, umbo likiwa moja. Mwenye nambari 4 hakujiona amepewa kisu cha maskini, kwa kuwa kilikuwa ndugu yake nambari 10.

Yapata mwaka 1901 alijenga kiwanda chake cha kwanza karibu na daraja la Gevoudaz, akatia mashine alizobuni za kutengenezea mipini. Wachuuzi wa milimani, masoko ya mabonde na wafanyakazi wa reli walivitawanya visu hivyo mbali. Mwaka 1909 aliandikisha alama yake, nayo ipo katika bapa mpaka leo: mkono ulioinua vidole, na taji juu yake. Mkono huo umetoka katika ngao ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, na taji ni ukumbusho kwamba Savoy ilikuwa nchi ya watawala wake wenyewe. Desturi ya kutia alama ilikuwa ya zamani. Mwaka 1565 Mfalme Charles wa 9 wa Ufaransa aliamuru kila fundi wa visu apige chapa yake juu ya kazi yake, ili mnunuzi aliyedanganywa ajue pa kulalamika. Mimi naona amri hiyo ilikuwa ya busara kuliko nyingi za mfalme yule.

Kazi ilikua, ikahamia Cognin, karibu na mji wa Chambéry. Mwaka 1926 moto uliteketeza kiwanda, kikajengwa upya.

Kisu hiki kilikuwa na ila mbili, na si haki kuzificha. Ya kwanza, mti huvimba ukilowa maji, bapa likakwama ndani. Watu wa Savoy waligundua dawa: hugonga mkia wa mpini juu ya meza au jiwe, na bapa hutokeza kidogo mpaka kidole kiweze kulishika. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Msuguano peke yake hautoshi mtu akisukuma kwa nguvu au akichoma kwa ncha, na bapa laweza kurudi juu ya vidole. Kwa miaka 65 wanunuzi walivumilia hivyo. Mwaka 1955 Marcel Opinel, mwana wa Joseph, alibuni pete ya pili yenye ufa, inayozunguka juu ya ile ya kwanza. Ukifungua kisu na kuizungusha pete, ufa wake huondoka mbele ya bapa, na bapa haliwezi kurudi. Kipande cha tano kiliongezwa, na hicho kimoja tu. Joseph alikiona kabla ya kufa mwaka 1960. Mwaka 2000 pete hiyo ilitengenezwa upya ili iweze kulifunga bapa likiwa ndani pia.

Jumba la Victoria and Albert la London lilikitaja kisu hicho mwaka 1985 miongoni mwa vitu 100 vilivyobuniwa vizuri kabisa, pamoja na motokaa ya Porsche 911 na saa ya Rolex. Bei ya motokaa ile mwaijua. Bei ya kisu, saizi ya kawaida, hata sasa hailingani sana na zaidi ya chakula cha mchana cha mtu mmoja katika mkahawa wa kawaida wa Ufaransa.

Savoy haikuwa peke yake katika fikira hiyo. Japani, katika mji wa Miki, katika miaka ya 1890 mafundi walianza kutengeneza kisu kiitwacho higonokami. Mpini wake ni bamba moja tu la chuma au shaba lililokunjwa mara mbili, na bapa lina mkia mdogo wa kusukuma kwa kidole gumba. Watoto wa shule walichongea penseli kwa kisu hicho. Mwaka 1960 kiongozi wa siasa, Inejiro Asanuma, aliuawa kwa upanga jukwaani, na baada ya hapo ikaanza kampeni kubwa ya kuwazuia watoto kuchukua vyombo vyenye makali. Penseli zikachongwa kwa mashine, na mafundi wa higonokami wakapungua mpaka karibu kwisha. Kisu chenyewe hakikuhusika na kifo kile.

Sasa, msomaji, utafanya nini dukani? Kwanza hesabu vipande. Kwa bei ile ile, kisu chenye vipande 5 kimepata chuma bora kuliko chenye vipande 20, kwa kuwa fedha ya mtengenezaji ni ileile na imegawanywa. Sisemi kwamba visu vya vyombo vingi ni vibaya vyote. Karl Elsener wa Uswisi aliandikisha mwaka 1897 kisu cha maofisa chenye vyombo 6 juu ya kamani mbili tu, na hiyo ni kazi ya akili. Ila kazi ya akili ya namna hiyo ina bei yake, na kuiga kwa rahisi ndiko kulikoniachia kovu.

Kisha fungua kisu ukitazame kwenye mwanga kutoka mgongoni. Bapa likae katikati ya mpini, lisiguse upande wowote. Lishike kwa vidole viwili ulitikise kushoto na kulia: likicheza likiwa jipya, litacheza zaidi baada ya mwaka. Kama kina pete au kufuli, ifunge, kisha ubonyeze mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza ya mwenye duka, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Tazama unene wa bapa karibu na makali, maana bapa nene halikati, hupasua. Mpini uwe wa mwisho kutazamwa, na rangi yake baada ya hapo.

Juu ya chuma, uchague kwa mahali unapokaa. Chuma chenye kaboni hunoleka vizuri sana, lakini ukikata ndimu au embe hugeuka kijivu, na ukikiacha na maji hushika kutu. Anayekaa Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi, afadhali achukue chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikitengeneza mwaka 1913. Wa bara aweza kuchukua cha kaboni, mradi akifute kila mara na kukipaka mafuta kidogo kwenye kiungo. Na ikiwa unamnunulia ndugu aliye Uingereza, ujue kwamba sheria ya huko huruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3. Chenye kufuli huhitaji sababu nzuri. Ndege nyingi nazo hazikubali kisu mfukoni mwa abiria, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa somo lijalo, kila mwenye kisu cha kukunja aje nacho darasani, pamoja na kipande cha karatasi na kinoo kama anacho. Yule mzee fundi viatu amekubali kutuonyesha jinsi anavyonoa chake. Ameomba tu kwamba mtu asikiguse kabla yake.